Baraza Lililovuka Kamba

"Na mafiga yangu, mama? Nayo umeyaandikisha shule?"

Bi Chausiku hakugeuka. Alikuwa akifuta ubao, ambao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi. "Wewe Mnyamwezi, mafiga yako hakuna aliyeyagusa. Yako palepale ulipoyaweka."

"Yako palepale, lakini juu yake lipo paa lako. Jana halikuwapo."

"Basi mvua haitakuzimia moto. Sema asante."

"Mzigua hata apewe pori zima, atataka na figa la jirani."

"Nanyi mlioletwa kukata mkonge mkasahau njia ya kwenu, mtataka nini?"

Siku nyingine Mzee Valerian, jirani yake, angecheka mpaka akohoe, maana Mnyamwezi na Mzigua ni watani na tusi halikai kati yao. Siku ile hakucheka. Alipima kwa macho kutoka mlangoni kwake hadi nguzo ya mwisho ya baraza la jirani, akaona nguzo imevuka mpaka.

Ilikuwa hivi. Kila mtoto mpya alipoketi, baraza la Bi Chausiku lilirefuka kwa kiasi cha makalio yake. Nguzo ilichomoza, nyasi za paa zikajitandaza, sakafu ikajisawazisha. Pale kijijini, upande wa Kabuku, watu walilizungumzia kisimani kama wanavyozungumzia kuku wa mtu anayetaga sana.

Na watoto walikuwa wanaongezeka. Asubuhi shuleni waligawanywa. Wa katibu wa kijiji, wa mwenye duka na wa walimu walibaki darasani. Waliobaki walipewa majembe, wakaenda kwenye pamba ya shule kujifunza kujitegemea. Waliporudi, hesabu zilikuwa zimeshafutwa ubaoni. Bi Chausiku, mjane aliyewahi kufundisha Korogwe, aliwafundisha alasiri yale yaliyofutwa asubuhi. Hakutaka hata yai. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umekaribia, na kwa wengi wao baraza lile ndilo lilikuwa darasa pekee.

Valerian alilijua hilo. Lakini kulikuwa na kamba. Siku watu walipohamishiwa kijiji kipya, nyumba zilipangwa kwa kamba ili zinyooke, na aliyeshika ncha alikuwa yeye. Hakuna aliyewahi kumkabidhi kitu cha heshima kama kile. Kamba yenyewe ilitunzwa kwake, imeviringwa vizuri juu ya kitanda. Akavaa shati lake safi, akaenda kwa katibu kusema mstari umevunjwa.

Katibu alimsikiliza, akamsifu. "Jumamosi tutaking'oa kilichozidi. Wewe utashika kamba."

Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Aliporudi alimkuta Naeku, binti wa wafugaji wa kule mbugani, amechuchumaa mwisho wa baraza akipuliza moto wa Valerian usizimike, huku akisema hesabu kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Wanasema Jumamosi wanang'oa. Tutasomea wapi?"

Valerian alichukua sufuria, akaikoroga, ingawa ilikuwa na maji matupu.

Jumamosi katibu alikuja na mgambo. Kamba ikavutwa, ikapita juu ya miguu ya watoto, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa ainuke. Bi Chausiku aliendelea. "Theluthi mbili, toa robo. Mnaanza na nini?"

"Mama," katibu alisema, "darasa liko shuleni."

"Shuleni wanalima, Ndugu Katibu."

"Hiyo nayo ni elimu."

"Na wa kwako?"

"Wa kwangu wana kifua."

"Wote?"

"Ni ugonjwa wa nyumbani kwetu." Akamgeukia Valerian. "Mzee, mstari uko wapi?"

Watoto wote walimtazama. Angerudi nyuma hatua chache tu, kamba ingepita nje ya baraza lote na mambo yangeishia hapo. Aliivuta kamba ikakaza hadi mwisho wa kijiji.

"Hapa," alisema, kwa sababu ndipo ulipokuwa.

Mgambo wakang'oa nguzo moja moja, wakazirundika. Paa halikuanguka. Lilibaki hewani lilipokuwa, na kivuli chake kikabaki chini. Katibu alipita chini yake, akainua fimbo akaligusa, vumbi likamwangukia kwenye kola ya shati.

"Sisi tulikuja kung'oa," alisema. "Tumeng'oa." Nguzo zikabebwa kwenda kujengea zizi lake.

Sasa ubao ulikuwa umelala mavumbini, hauna pa kuegemea. Bi Chausiku alikuwa akihangaika kuuinua. Valerian akaitoa kamba ya kijiji begani, akaipitisha kwenye nyasi za paa lililoelea, akautundika ubao ukakaa sawa.

"Umepinda upande wa kushoto," Bi Chausiku alisema.

"Macho yako ndiyo yamepinda."

Walisoma hadi jua likazama.

Matokeo yalipokuja, nafasi za sekondari zilikwenda kwa mtoto mmoja wa katibu, wa wale wenye kifua, na kwa binti wa mwenye duka. Mwalimu mmoja aliropoka kilabuni kwamba Naeku aliwashinda wote wawili, na kesho yake akasema hakuropoka. Baba yake Naeku alikuja kuuliza, akaambiwa nafasi zimejaa. Akarudi kwa ng'ombe wake.

Asubuhi iliyofuata majembe yaligawiwa kama kawaida, na kwa watu walewale.

Alasiri Naeku alikuja vilevile, akawafundisha wadogo. Alikuja na mdogo wake. Mdogo huyo alipoketi, paa lilisogea, likapita mafiga ya Valerian, likafika mlangoni kwake na kutulia.

Valerian alitoka ndani akakuta kivuli. Chini ya paa Bi Chausiku alikuwa akipakua ugali na mlenda, watoto wakinawa mikono kwa zamu.

"Wewe Mnyamwezi, utasimama hapo nje mpaka lini?" alimwita. "Karibu ndani, ule."

Valerian alitazama miguu yake. Ilikuwa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Akavua ndala, akaziweka mlangoni, akaingia barazani.