Damu ya Mama Happy

Ijumaa moja ya Machi 2007, gari la wilaya linalochukua sampuli za damu halikufika zahanati ya Mandawa. Nesi Lusiana alikuwa ameshamtoa damu Magreti, aliyekonda hata khanga ikawa inamdondoka kiunoni. Mashine ya kupima CD4, kinga ya mwili inayoshushwa na UKIMWI, ilikuwa Nachingwea. Dawa zilitolewa kwa wale ambao CD4 zao zilikuwa chini ya mia mbili.

"Mpaka Jumatatu itakuwa imeharibika," Lusiana alisema.

Jonasi, mume wa Magreti, akanyoosha mkono. "Nipe niipeleke."

"Isipate jua wala barafu. Maabara wanafunga saa kumi."

Aliifunga chupa kwenye kitambaa, akaitia ndani ya shati na kupanda lori la mahindi. Walipopita Ruangwa, lori likazama kwenye tope hadi ekseli. Saa sita na nusu. Muuza samaki mmoja alipojua alichobeba, akafungua ndoo yake ya barafu. "Weka humu, baba, jua hili litaiua."

Jonasi alikataa. Akashuka, akatembea kwa kasi, mkono kifuani, mpaka pikipiki ya mwalimu mmoja ilipomchukua.

Saa kumi kasoro dakika tano alimkuta Evarist, mtaalamu wa maabara, anafunga dirisha. Evarist aliitazama chupa kwenye mwanga. Damu haikuwa imeganda. Akavaa tena koti.

"Unahesabu nini humo?" Jonasi aliuliza.

"Askari wa mwili. Nje ya kila chembe kuna vipokezi, vidogo kuliko tunavyoweza kuona. Ndivyo zinavyotambua adui na kuitana. Kimoja kinaitwa CD4. Natia rangi inayoshika hicho tu, mashine inahesabu chembe zilizoshikwa."

"Mbona zinapungua?"

"Kirusi kinajishikiza hapohapo kwenye CD4, kisha kinaingia ndani."

Mara mbili Lusiana alikuwa amemwita Jonasi apime, mara mbili akasingizia shamba.

"Na mimi ninacho hicho kipokezi?"

"Kila mtu anacho."

Mashine ilikuwa inanguruma. Jonasi alikunja mkono wa shati. "Basi nipime."

Alikaa kwenye benchi akikitazama kipande cha karatasi ya kipimo kilichodondoshewa damu yake. Mstari mmoja ukatokea. Kisha wa pili, hafifu, ukakolea. Evarist alirudia kwa kipimo kingine, majibu yakawa yaleyale: alikuwa na virusi.

Jumamosi, kule Mandawa, alimkabidhi Lusiana bahasha ya majibu ya Magreti bila kuifungua. Lusiana akasoma: mia moja arobaini na tatu.

"Unaanza dawa wiki ijayo," Lusiana alimwambia Magreti.

Nyumbani Jonasi alisimama mlangoni, hakuweza kukaa. "Mama Happy, nami nimepima. Ninao. Nilikuwa nakuacha uende kliniki peke yako makusudi, niliogopa."

Magreti aliikaza khanga kiunoni. "Nilijua unaogopa. Nimekukasirikia mwaka mzima, Baba Happy."

"Najua."

"Kliniki ijayo ni Jumanne. Twende wote."

Jumanne walikwenda. Magreti alitapika wiki mbili za mwanzo, akataka kuacha, na Jonasi akawa anamsimamia kila anapomeza dawa. Kufika mavuno ya ufuta Magreti alikuwa anabeba ndoo ya maji mwenyewe.