Andikeni Wote Wawili

Siku mume wangu alipofariki, redio ya kinyozini kwake ilibaki ikisema peke yake mpaka jioni. Tulitoka mbio, yeye kajishika kifua, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Bungeni walikuwa wakijadili mswada wa bima ya afya. Yeye alikuwa amelala kwenye benchi katika korido ya hospitali, kichwa mapajani mwangu, akisubiri kitanda. Kitanda kilipopatikana, hakukihitaji tena.

Mswada ule aliupinga tangu mwanzo. Rafiki yake, fundi viatu wa mlango wa pili, aliutetea. Walibishana kutwa, isipokuwa fundi alipokuja kunyolewa ndevu. Hapo alikuwa kimya.

"Mbona leo huna hoja?" mume wangu alimuuliza, wembe mkononi.

"Hoja ninazo nyingi. Shingo ninayo moja."

Baada ya mazishi alikuja binti mmoja wa chama kinachoutetea mswada. Alikaa kwa adabu, akanipa pole, kisha akaniomba nikaseme kwenye kikao cha maoni ya wananchi. "Kisa cha baba kitawagusa wabunge, mama." Nilikubali. Uchovu ulikuwa umenijaa mpaka kwenye mifupa, na mtu aliyechoka hivyo hana nguvu za kukataa. Tena nilitaka watu walisikie lile benchi.

Siku moja kabla ya kikao nilikwenda kufagia kinyozini. Fundi viatu akaingia, akaketi pembeni, mbali na kiti cha kunyolea.

"Shemeji, nasikia kesho utatusemea."

"Nitasema."

"Vizuri." Akajikuna ndevu, zilizokwisha kuwa kichaka. "Ila namjua yule. Angesema nimemshinda kwa sababu hayupo."

Niliendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Nilipopewa kipaza sauti, nilisema mume wangu alifia kwenye benchi akisubiri kitanda. Binti akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga.

"Na mswada huu aliupinga," nikaendelea. "Alisema makato yatafika mapema, vitanda vitachelewa njiani. Huenda alikosea. Lakini ndivyo alivyosema, na hakuwahi kubadili."

Binti akainamisha uso. Mwenyekiti akavua miwani. "Sasa mama, tuandike unaunga mkono au unapinga?"

"Mimi naunga mkono. Yeye anapinga. Andikeni wote wawili."

Watu wengine walicheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba marehemu haandikwi. Nikarudisha kipaza sauti, nikaenda kuketi. Fundi viatu alinisogezea nafasi.

Kura itapigwa Alhamisi. Kinyozi mpya anaanza kazi Jumatatu. Fundi viatu bado hajanyoa.