Oili Ilikuwa Imejaa

Mimi ni fundi mwenye mdomo. Mteja akileta gari na kuanza kunieleza ugonjwa wake, namkatiza: "Mzee, kama unajua, chukua spana." Wanacheka, wananivumilia, maana mikono yangu inafanya kazi. Lakini siku shemeji alipovutwa kwa kamba na gari lake hadi mlangoni pa gereji, utani wote ulinikauka.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu. Wiki tatu kabla ya siku hiyo injini ya gari lile ilizimika katikati ya barabara, mchana kweupe, mdogo wangu akiwa kiti cha nyuma na uchungu wa kujifungua. Mpaka wapate gari jingine, saa nzima ilikuwa imepita. Mtoto, wa kiume, alizaliwa hana uhai. Tangu hapo mdogo wangu hasemi na mumewe. Anasema alimpa kazi moja tu, kuangalia oili, na hiyo moja ikamshinda.

"Nataka kujua," shemeji aliniambia. Alikuwa amekonda, kola ya shati inamcheza shingoni. "Kama ni mimi, niambie ni mimi."

Nikamwambia akae. Hakukaa.

Nilianza na kijiti cha kupimia oili. Nikakivuta, nikakifuta, nikakirudisha, nikakivuta tena. Oili ilikuwa imejaa hadi alama ya juu. Sikuamini, nikapima mara ya tatu.

"Nilipima asubuhi ile ile," akasema. "Njiani taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikasimama, nikapima tena, imejaa. Nikajua ni taa tu imeharibika, nikakanyaga mafuta. Nimemweleza mdogo wako, hataki hata kusikia."

Injini haifi kwa kiu huku oili imejaa, labda kama oili yenyewe haipandi. Na mtu wa mwisho kufungua injini ile nilikuwa mimi.

Miezi miwili nyuma gari lile lilikuwa linadondosha oili, kila asubuhi doa uani. Fundi mwenye akili huosha injini kwanza, akainyunyizia poda, akaiwasha na kusubiri aone poda inalowa wapi. Oili ni mjanja, huvujia juu ikaja kudondokea chini. Najua hayo na nimewafundisha wengine. Siku ile nilichungulia chini mara moja, nikaona sampo imelowa, lile bakuli la chuma linaloshika oili, nikatoa hukumu. Kazi ya shemeji ni ya bure, na wateja wa fedha taslimu walikuwa wananipigia kelele. Sikukata hata gasketi mpya, ule mpira wa kuziba ukingo. Nilipaka silikoni, ile gundi ya kuzibia, ukingo mzima, nene, kama mtu anayepaka siagi ya jirani, nikakaza bolti.

"Hii haivuji mpaka uitwe babu," nikamtania.

Ikaendelea kuvuja. Shemeji akaona haya kunirudia, akawa anaongeza oili mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Nilipiga jeki, nikalala chini ya gari, nikafungua bolti moja moja. Sampo iliposhuka nikaliona chujio ambalo pampu hunyonyea oili. Lilikuwa limezibwa na vipande vya silikoni ya bluu. Silikoni niliyoizidisha ilikuwa imebanwa ikaingia ndani, ikakatika, ikanyonywa hadi pale. Oili ilijaa chini, na juu vyuma vikasagana vikavu.

Nilikaa chini ya gari lile muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Nikiwa pale niliviona viatu vya shemeji vimesimama, havisogei. Vile vipande vingeingia kwenye mfuko wangu bila taabu, na nasema kweli, mkono ulishaanza kuelekea mfukoni. Halafu nikalia. Nikatoka nikamwekea vipande vile kiganjani.

"Ni mimi," nikasema. "Silikoni yangu ndiyo iliyoziba. Wewe hukukosa kitu, shemeji."

Nilisubiri ngumi, na ningeipokea. Akaigeuza geuza ile silikoni kwa kidole.

"Hata ningeongeza oili nyingine?"

"Hata ungemwaga pipa zima."

Hapo ndipo alipokaa, juu ya tairi, akajifunika uso kwa mkono mmoja. Alipouondoa akasema, "Usimwambie."

"Shemeji, lazima ajue. Anakuonea."

"Wazazi wenu wametangulia. Mimi ameshanifuta. Chakula anakula ukimpelekea wewe, na maneno anaongea na wewe peke yako. Ukimwambia hili, atabaki na nani?"

"Siwezi."

"Utaweza. Mimi nimeshazoea kuchukiwa."

Sikupata nafasi ya kumbishia. Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Jirani alikuwa amemwambia gari limevutwa kuja kwangu, akaja kwa miguu, taratibu, mkono mmoja ukutani. Kifua alikuwa amekikaza kwa kitambaa, maana maziwa yalikuwa bado yanatoka. Hakumtazama mumewe. Shemeji akafumba kiganja.

"Umeona nini, kaka?"

Nikamwangalia shemeji. Akanitikisia kichwa kidogo sana, akanisihi kwa macho.

"Oili ilikwisha," nikasema. "Injini ilikauka."

Shemeji akainamisha kichwa kama mwizi aliyeshikwa. Akamwambia mkewe, "Nisamehe," naye akampita. Alinijia mimi, akaushika mkono wangu vile vile ulivyo, mchafu wa oili, akaukumbatia kwa mikono yake miwili.

"Nilijua," akasema. "Yeye siku zote hizi ananiambia ilikuwa imejaa. Angalau wewe hunidanganyi, kaka."

"Ndiyo, mdogo wangu," nikamjibu.