Waliogombania Kitana

"Yaani wamejificha darini, chini watu wanawatafuta wawaue, na huyo mama analalamika mstari wa nywele umepinda?" Shangazi alisimamisha mikono juu ya kichwa cha mteja. "Mwanangu, hicho kitabu umekielewa kweli?"

"Nimekielewa, shangazi. Ukurasa wenyewe ninao hapa."

Saluni nzima ilimwita huyu mwenye kitabu Profesa, na wala haikuwa heshima. Ni utani aliobandikwa tangu alipoanza chuo, mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, akisoma huku akichambua rasta. Mwaka jana alifeli somo la fasihi. Akifeli tena anaondolewa, na ualimu alioutamani tangu utotoni atabaki kuusikia kwa jirani.

Kitabu kilikuwa kumbukumbu za mama mmoja, manusura wa mauaji ya kimbari. Swali la insha lilisema: Eleza jinsi mateso yalivyomvua mwandishi utu wake. Wenzake walishalijibu: njaa, kiu, hofu, wakafunga madaftari. Yeye alikwama kwenye dari ile. Wanawake kadhaa gizani, kitana kimoja chenye meno ya kuhesabika, wanakigombania kwa kunong'ona. Wifi yake anamsuka mwandishi kwa kupapasa. Mwandishi anapitisha kidole kichwani, anakuta mstari umekwenda upande. "Fumua," anasema. "Anza upya."

Profesa aliposoma hapo mara ya kwanza alicheka. Kisha akalia. Kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki. Kufumuliwa kunauma kuliko kusukwa, na mtu havumilii maumivu hayo kama hana mahali pa kwenda. Huyu, wauaji wakipita chini yake, alikuwa na mahali pa kwenda. Alitarajia kutazamwa na watu. Sasa nani kamvua utu, na lini?

Akaandika hivyo hivyo, bila kupindisha: swali limekosea.

"Toba!" alisema shangazi aliposomewa. "Mwalimu kakosea, wewe ndiye umepatia? Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Mwandikie anachotaka, chukua cheti chako. Ubishi utaufanya ukiwa na darasa lako mwenyewe."

Shangazi ndiye aliyemlea. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa kusimama nyuma ya vichwa vya watu ili huyu siku moja akae. Profesa akanywea. Akaongeza aya moja mwishoni kwamba, pamoja na hayo yote, mateso yalimvua mwandishi utu wake. Aliiandika haraka haraka, kama anayemeza dawa chungu.

Mhadhiri alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamuuliza hali ya nyumbani, ndipo akazitandaza karatasi mezani.

"Unaandika vizuri, dada. Lakini kurasa zote hizi unabishana na swali, kisha hapa mwishoni, ghafla, unalijibu." Akaigusa ile aya. "Hii ndiyo insha. Ipeleke mwanzo, habari za kitana zipunguze, nakupitisha leo leo."

"Na nisipoipeleka?"

"Kanuni sikuzitunga mimi. Insha isiyojibu swali haipiti."

Profesa aliitazama aya yake. Ilikuwa safi, haina kosa hata moja, na hakuna neno ndani yake aliloliamini. Alimfikiria yule mama, mzee sasa, popote alipo, akisoma kwamba msusi aliyemwelewa vizuri kabisa amemuuza kwa ajili ya alama. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Naomba kalamu, mwalimu."

Mhadhiri akampa huku akitabasamu, alidhani yamekwisha. Profesa akaikata aya ile, sentensi baada ya sentensi, taratibu, mpaka ikawa haisomeki. Akamsukumia karatasi.

"Unajua unachokifanya?"

"Hakuvuliwa, mwalimu." Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. "Walimuulia watoto, walimuulia mume, wakamaliza mtaa mzima. Utu wake waliukosa. Mimi siwezi kwenda kuwapa."

"Utafeli."

"Nifelishe. Bora kufa macho kuliko kufa moyo."

Mhadhiri alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Profesa akaaga kwa adabu zote alizofunzwa na shangazi, akatoka.

Kwenye korido akaegemea ukuta. Shangazi atamwambia nini? Hakujua, na aliogopa. Aliogopa sana, lakini hakutamani kurudi.

Mlango ulikuwa umebaki wazi kidogo. Alimwona mhadhiri akiburuta kiti chake hadi dirishani, penye mwanga, akaketi, akaufunua ukurasa wa kwanza wa insha.