Sauti Mpya ya Ndege ya Mutunga

Mutunga alikuwa rubani, na kila alipotoka kaskazini, kabla ya kutua uwanja wa Wilson, Nairobi, alizunguka mara moja juu ya nyumba yao Kitengela. Wakubwa wake hawakujua, ama walijua wakanyamaza. Mamake, Kalunde, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, aliitambua ndege kwa ngurumo ya injini zake mbili kuukuu. Jioni kijana angefika, wale pamoja, na mama amgombeze kwa kukosa kuoa. Nadhani wote wawili waliufurahia ugomvi huo.

Mwaka wa 1999 injini moja ilizimika karibu na Wajir. Mutunga aliishusha ndege kwa tumbo mchangani, abiria wakatoka wazima, yeye akafa kwa kugongwa kifua na usukani. Wakati huo Kalunde alikuwa amelazwa Machakos kwa presha, na daktari akaonya asipewe habari mbaya. Basi jamaa wakamzika Mutunga kijijini kwao Mwala, haraka haraka kama watu walioiba. Mama akaambiwa kwamba ndege imeharibika, na mwanawe ameandamana nayo ng'ambo kufungiwa injini mpya.

Mimi sina ugomvi na uongo wa wiki moja. Mgonjwa hupewa uongo kama anavyopewa uji. Lakini Kalunde alipona, akarudi Kitengela kwa binti yake Ndunge, na kila mtu akangoja mwenzake aseme. Mashangazi walimwachia Ndunge. Mchungaji alisema ataomba kwanza. Mwaka ukaisha akiwa bado anaomba.

Nusu ya uongo ule ilikuwa kweli. Jimale, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa mwenye ndege, aliitengeneza upya. Petroli ya ndege ilikuwa taabu kupatikana kaskazini. Ilisafirishwa kwa mapipa, na mapipa huingia maji. Akang'oa injini zile za pistoni akafunga za tabaini, zinazokunywa mafuta ya jeti, ndugu wa mafuta ya taa, ambayo hayakosekani sana. Ndege ikapata nguvu, na badala ya kunguruma ikawa inapiga mluzi mkali. Rubani mpya akaanza kuipeleka kusini, na njia yake ikapita juu ya Kitengela.

Siku moja Ndunge akianika nguo, mama aliuliza ni ndege gani hiyo inayopiga mluzi. Ndunge alikuwa amechoka kubuni.

"Ni ya Mutunga, Mwaitu," akamjibu mamake. "Iliwekwa injini ingine. Siku hizi inalia hivyo."

Kalunde alicheka mpaka akalia, akaagiza kuku achinjwe. Kuku alipoa mezani.

Udhuru ukaanza: kazi zimezidi, ndege mpya haipumziki. Mama aliusoma mluzi ule mpaka akaweza kuutofautisha na wa ndege nyingine yoyote. Mwanzoni alikuwa akiusikia anainua uso. Baadaye akaacha. Mwishowe, ndege ikisikika kwa mbali, alishika fimbo yake akaingia ndani. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe amekuwa mkubwa, anapita juu ya kichwa cha mamake na hamjui. Jamaa walimwepusha mama na uchungu wa kumlilia mwana, wakampa wa kumchukia. Huo ni mbaya zaidi, na atakayebisha hajazaa.

Presha ilirudi mwaka wa 2003, na safari hii haikuwa ya kupona. Kalunde alimwita Ndunge kitandani.

"Mwambie Mutunga asikuje kunizika," akasema. "Mtu amenipita nikiwa hai, asinikanyagie kaburi."

Kwa Wakamba neno kama hilo la mzazi anayekufa ni kiumo, laana ambayo hakuna wa kuiondoa ila yeye mwenyewe. Ndunge alishikwa na hofu kuu. Ndugu yake angelaaniwa ndani ya kaburi. Akamtuma mtu amlete Jimale awe shahidi, na mbele yake akasema yote: Wajir, mchanga, kifua, Mwala. Jimale akaapa kwa Mungu kwamba ni kweli, kwamba yeye mwenyewe alishika jeneza.

Kalunde aliwasikiliza bila kuwakata maneno.

"Jana si amepita hapa?" akauliza. "Ndunge, ni wewe ulinifunza sauti yake. Sasa mnamuua ndio nimsamehe."

Ndunge alipiga magoti, akaushika mkono wa mamake na kumsihi atamke baraka, hata moja. Mama aliuvuta mkono wake, akageukia ukutani. Hakusema tena na mtu mpaka alipokata roho.

Tulimzika Mwala, na kwa kuwa makaburi ya ukoo yako mahali pamoja, shimo lake lilichimbwa kando ya Mutunga. Mchungaji alipomaliza, Ndunge alibaki katikati ya makaburi yale mawili, akaongea na lile jipya kwa sauti tuliyoisikia sote.

"Mwaitu, huyu hapa. Hajawahi kukupita."