Zoezi Limekamilika

Ange Niyongabo alishika kwa mikono miwili kamba iliyofungwa kwenye boriti, akatanguliza mguu wa kushoto hadi kisigino kikagusa mlango wa choo, kisha akajishusha kwa mguu mmoja. Nje, Kezia, anayelala naye chumba kimoja hosteli, aliushikilia mlango usifunguke. Choo cha shimo hakina huruma na goti lisilokunjika.

"Tayari?"

"Bado. Usiniharakishe, Kezia we."

Goti aliliumiza akiwa kipa wa timu ya wasichana ya chuo, kwenye mashindano ya vyuo huko Kibondo. Penalti ya mwisho aliipangua. Kombe lilirudi Kasulu likipigiwa honi, naye akarudi katika gari hilohilo, mguu umefungwa khanga. Kombe likawekwa kwenye kabati la kioo. Yeye akafungwa plasta, na ilipofunguliwa daktari akamwambia wazi: goti hili linataka mazoezi, tena mapema, la sivyo litakakamaa hivyohivyo, hapa sina mtu wa kukufanyisha. Ange anasomea ualimu wa michezo. Mwalimu wa michezo asiyeweza hata kuchuchumaa, nani atampokea?

Alipoomba msaada, chuo kilimwambia asubiri. Basi Mwalimu Salumu, mshauri wa wanafunzi, alipompigia simu Alhamisi hiyo, moyo ulimruka.

"Niyongabo, kesho asubuhi ufike zahanati ya chuo. Kuna zoezi la kliniki ya mazoezi tiba."

"Zoezi langu, mwalimu?"

"Lako na la chuo kizima. Uvae jezi."

Asubuhi alikuta turubai, spika, na viti vilivyovishwa vitambaa. Chumba kilichokuwa stoo ya majembe sasa kilikuwa na kitanda cha mazoezi, baiskeli isiyokwenda popote, na mipira mikubwa ya kunyooshea viungo. Mgeni rasmi akakata utepe.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone!" mshereheshaji alipaza sauti. "Mwenyeji wetu huyu hapa. Mgonjwa apande!"

Ange akapanda kitandani. Mtaalamu, mwanamume mpole mwenye koti jeupe aliyeitwa Bazilio, aliambiwa aushike mguu tu, kwa ajili ya picha. Lakini mikono yake haikujua kushika tu. Kiganja kimoja kikaingia chini ya goti, kingine kikashika kifundo, akakunja polepole.

"Pumua, dada," alinong'ona.

Maumivu yalipanda hadi kwenye meno. Goti likasogea. Ange aliliona kwa macho yake likisogea, akalia, maana siku nyingi alikuwa amekwisha kulihesabu kuwa mti.

"Dada, usilie, tabasamu," mpiga picha alisema. "Haya, tena. Mgeni rasmi asogee kidogo."

Bazilio akakunja tena, zaidi kidogo.

"Zoezi limekamilika!" mshereheshaji alitangaza. "Tuelekee kwenye chakula."

Watu wakatoka. Ange alibaki pale kitandani akijifuta machozi kwa jezi.

"Mwalimu, mazoezi yangu yanaendelea lini? Jumatatu?" alimwuliza Salumu, aliyekuwa wa mwisho kutoka.

"Zoezi si limekamilika, mwanangu? Hujasikia? Nenda ukale pilau."

"Hilo lilikuwa la kukata utepe. Mimi nauliza la goti."

"Usinitie aibu mbele ya wageni," Salumu alisema kwa sauti ya chini. "Teremka. Hicho kitanda kinaondoka."

Kweli, vijana wawili walikuwa wamekwisha kuanza kufungua skrubu za baiskeli. Mchana huohuo vifaa vyote vilikuwa vinatakiwa Kibondo, kuzindua kliniki ya chuo kingine. Hasira ilimpanda Ange hadi Kiswahili kikamtoroka.

"Imana we!" alimwita Mungu kwa Kirundi, kisha akamgeukia Bazilio. "Na wewe, kaka?"

"Mimi nimeazimwa pamoja na kitanda." Hakuwa anatania. "Goti lako halijachelewa, dada. Lakini usijikunje mwenyewe, utaumia zaidi. Linataka mikono ya mtu, kila siku."

Salumu alirudi akichokonoa meno. "Niyongabo, kwenu si Busunzu, hukohuko Kibondo? Mgonjwa waliyemwandaa kule Kibondo amekataa kuja. Panda gari, ukawasaidie wenzetu. Jezi igeuze ndani nje, wasione jina la chuo chetu."

Ange alimtazama. Jibu alikuwa nalo, tena la Kirundi, lisilomfaa msichana wa kwaya. Akalimeza. Akageuza jezi nyuma ya mlango, wakampandisha nyuma ya gari, mguu umenyooka mbele yake kati ya vyuma vya kitanda, na Bazilio akakaa upande wa pili.

Walipouacha mji wa Kasulu, aliuliza, "Kaka, kule picha zitachukua muda gani?"

"Inategemea mpiga picha. Huyu wa asubuhi alikuwa mwepesi mno."

Ange akafumba macho, akaanza kumwomba Mungu kwa moyo wake wote awape watu wa Kibondo mpiga picha mzembe.