Udongo wa Mahame

Mimi Mwanaidi hesabu sizipendi, na huyo Daktari Hiza alinikuta na chuki yangu. Alifika kijijini kwetu Sindeni mwaka wa pili baada ya sisi kuhamishwa, na gari lenye mashine ya eksirei. Picha za vifua vyetu hakuziangalia tu kama madaktari wengine. Alizichora vyumba vidogo vidogo, kila chumba akakipa namba kwa jinsi kilivyo cheupe au cheusi, kisha akaziingiza namba kwenye mashine ya kukokotoa na kuzungusha mpini wa mashine kama anasaga karanga. Alisema ndio utafiti wake, kwamba siku moja hesabu itasoma picha hata pale pasipo na daktari. Nikamwambia sisi tuna mapafu, hatuna namba. Akacheka.

Kicheko kilikwisha alipofika kwenye picha ya Zamda, mke wa kaka yangu Mhina. Hesabu ilisema kifua kikuu, na macho ya daktari nayo yaliona wingu upande wa kushoto. Ikabidi Zamda akalazwe Korogwe, tena kwa miezi, na mtoto abaki. Abdi alikuwa bado hajajua hata kukaa, ananyonya tu. Wawili waliomtangulia walikufa kabla ya kuota meno. Mhina mwenyewe yuko mkongeni Magoma, hana habari.

Moyo ulinipasuka paa. Halafu nikakumbuka kitu.

Siku ile ya operesheni ya kutuhamishia kijiji kipya, malori yanatungoja, Zamda alikimbilia kwenye makaburi ya wanawe wawili akachota udongo. Huku tulikoletwa, kule nyuma kukibaki mahame, akaushonea kifuko cha kaniki, na tangu Abdi azaliwe anakivaa kifuani, ndani ya nguo, ili ndugu zake wamlinde. Mimi nilikuwa namtania kwamba amehama na shamba. Basi kwenye picha aliambiwa avue kila kitu. Alivua shanga, kifuko akakibana kwapa la kushoto. Mwe, si ndilo wingu lenyewe hilo!

Nilikwenda kwa daktari mbio. Akaweka penseli chini.

"Kama ni udongo, mama, basi hesabu yangu haijui tofauti ya udongo na ugonjwa," alisema. Niliona anafurahi na anaumia kwa pamoja. Akataka picha irudiwe.

Zamda akagoma. Alisema akikivua hata kidogo, na huyu naye atamwondokea. Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka, maana nilikuwa naogopa kuliko yeye. Mwisho akakubali, ila nikivae mimi, nimshike Abdi, asikae bila kifuko hata kidogo.

Nikasimama nje na udongo wa wale watoto shingoni. Jenereta linanguruma, mtoto anapiga chafya, mimi namwomba Mungu iwe udongo.

Picha ilitoka imelowa dawa, daktari akaitundika kwenye mwanga. Wingu lile kubwa lilikuwa limeondoka. Nikashusha pumzi. Yeye hakushusha. Alisogea karibu, akachora vyumba vyake, akazungusha mashine, akarudia tena kuzungusha, mara zote mbili namba ikatoka ile ile.

"Udongo ulikuwa unauficha," alisema. "Ugonjwa upo, chini yake. Mdogo, lakini upo."

Zamda alikaa kwenye ngazi ya gari akamnyonyesha Abdi mpaka akasinzia. Nilipomrudishia kifuko alinisukuma mkono.

"Kaa nacho, wifi. Anayebaki naye ni wewe."

Walimchukua Zamda mchana ule ule. Gari halijapita ghala la kijiji, Abdi akaamka, akaanza kulia na kunipapasa kifuani. Mimi mtu mzima, niliyezaa mara ya mwisho zamani, nikafungua kanga nikampa titi langu kavu. Alinyonya kidogo, akanitazama usoni, akaliachia. Kisha akageukia barabara ya Korogwe, akalia upya.